Askari asikilizwe, ushahidi usizikwe

Julai 2022, Jaji Jessie Lessit aliwapata maafisa watatu wa polisi na mpasha habari wao mmoja na hatia ya mauaji. Waliouawa walikuwa wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wa teksi aliyewabeba. Walitekwa nyara Juni 2016 wakitoka mahakama ya Mavoko, na siku chache baadaye miili yao ikaopolewa mtoni. Kosa la mteja huyo lilikuwa kumlalamikia afisa aliyempiga risasi. Wengi wanakumbuka adhabu ya kifo aliyopewa mmoja wa maafisa hao, Fredrick Leliman, mwaka uliofuata. Wachache wanakumbuka kwamba walioshtakiwa walikuwa watano, na kwamba wa tano, naye pia afisa wa polisi, aliachiliwa huru kwa kuwa ushahidi haukutosha kumtia hatiani. Kwangu, kuachiliwa huko ni sehemu ya ushindi wa kesi ile. Kwa kuwa mahakama iliweza kumtenga mmoja na wanne, hakuna awezaye kudai kwamba wanne hao waliponzwa na sare tu.

Nalisema hili wakati ambapo hasira ya wananchi ni kubwa, na ni hasira ya haki. Tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, vijana wameuawa barabarani mchana kweupe, na wengine wamenyakuliwa na watu waliofunika nyuso. Wazazi wao wanauliza: aliyemwua mwanangu bila kumpa nafasi ya kusema neno, kwa nini yeye apewe wakili, dhamana na haki ya kunyamaza? Ni swali zito. Hata hivyo, Kifungu cha 50 cha Katiba kinamlinda kila mshtakiwa, na tukikitoboa ili kumnasa askari, tundu hilo hilo litampitisha kijana wa Mathare au Kisauni atakayeshukiwa kesho. Isitoshe, hatia iliyopatikana kwa njia ya mkato huanguka kwenye rufaa, na familia iliyokwisha kuzika huambiwa kwamba kesi imekwisha.

Kinachowanyima wafiwa haki nchini Kenya ni yale yanayotendeka, au yasiyotendeka, katika saa chache baada ya risasi kulia. Hapo haki za mshtakiwa hazijaanza hata kutajwa. Sheria yenyewe haina kigugumizi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na akilazimika kutumia nguvu, zilingane na hatari iliyopo. Mtu akifa au akijeruhiwa vibaya, mkuu wa afisa huyo anatakiwa kuiarifu mara moja mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, kulinda mahali pa tukio na kuwajulisha jamaa. Tatizo ni kwamba anayebebeshwa wajibu huo ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kuukwepa. Maganda ya risasi yakiokotwa kienyeji, daftari la silaha likikaa kabatini na kitabu cha matukio kikiandikwa kwa kuchelewa, mchunguzi atakuta barabara imefagiwa.

Kifo cha mahabusu Albert Ojwang katika kituo kikuu cha polisi cha Nairobi, Juni 2025, kilionyesha jambo hilo waziwazi. Maelezo ya kwanza ya polisi yalikuwa kwamba alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ulikuta majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo na michubuko mwilini, na Inspekta Jenerali akalazimika kuomba radhi mbele ya Seneti. Baadaye maafisa kadhaa, mkuu wa kituo akiwamo, walishtakiwa kwa mauaji. Nani ana hatia ni kazi ya mahakama kuamua. Lakini fikiria askari aliyekuwa zamu usiku ule na ambaye hakumgusa marehemu. Rekodi za kituo zikivurugwa, yeye naye amenyang'anywa kitu pekee ambacho kingemwondolea lawama. Kwa hiyo anayeficha ushahidi hamtendei fadhila askari mwenzake, isipokuwa yule mwenye hatia.

Wapo wanaosema polisi wamefungwa mikono, wanapigwa mawe, vituo vinachomwa, na wenzao wanauawa na majambazi na magaidi. Ni kweli, na sheria inatambua haki ya afisa kujitetea na kumtetea mwingine aliye katika hatari ya kufa. Ila wanaodai kumtetea askari wamtazame anavyotendewa na wakubwa wake. Julai 2025 Rais William Ruto alisema hadharani kwamba wanaovamia biashara za watu wapigwe risasi za miguu. Jedwali lile lile linasema kwamba amri ya mkubwa haiwi kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Konstebo akifyatua kwa kutii maneno ya jukwaani, na risasi ikapanda hadi kwenye paja na kukata mshipa, atasimama kizimbani peke yake. Aliyetamka hatakuwapo.

Kesi ya Kimani ilichukua miaka 6 kufikia uamuzi, muda mrefu mno kwa wafiwa na kwa yule aliyeachiliwa huru. Kinachoweza kuufupisha ni ushahidi kukusanywa siku ile ile. Bunge liifanye sheria iwe na meno: mkuu wa kituo asiyeripoti kifo au asiyelinda mahali pa tukio ashtakiwe kama mhalifu, badala ya kuhamishiwa kituo kingine, na wachunguzi wa IPOA wakabidhiwe silaha na madaftari ya silaha hizo kabla ya zamu iliyohusika kwenda nyumbani.