Kabla hujalipa kodi, uliza mlango wa pili uko wapi

Mara ya mwisho tuliongea homa za usiku. Leo naweka dawa pembeni, naongelea nyumba. Usinikimbie, hii nayo ni afya ya mtoto wako.

Mdogo wangu ana mtoto wa miezi 4. Juzi juzi kapata chumba, akanipigia simu kwa furaha: kiko karibu na kituo cha daladala, maji yapo, kodi inalipika. Nikaenda kukiona. Kumbe jengo lenyewe zamani lilikuwa ghala. Mwenye nyumba kalikata kwa plaiwudi, limetoa vyumba 14 na korido moja katikati, nyembamba, haina taa. Madirisha yana nondo za kuchomelea. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, geti la chuma. Mlinzi analipiga kufuli saa tano usiku na ufunguo anao yeye. Na majiko, ya gesi na ya mkaa, yamepangwa hapo hapo kwenye korido.

Nikamuuliza dalali, "Moto ukiwaka huku getini, wa chumba cha mwisho anatokea wapi?"

Akacheka. "Sista, mbona unawaza mabaya? Watu wanaishi hapa mwaka wa tatu huu."

Mdogo wangu akaninunia. Alishalipa ya miezi sita.

Sasa nikwambie kwa nini niliuliza. Wengi tunadhani moto unaua kwa kuunguza. Mara nyingi kinachoua ndani ya nyumba ni moshi, na unamkuta mtu kabla moto haujamfikia. Ndani ya moshi kuna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni, tena inashika zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Aliyelala hashtuki, anazidi kulala. Na mtoto mchanga anavuta pumzi haraka kuliko wewe, kwa hiyo kwenye chumba kile kile yeye anaivuta sumu kwa kasi zaidi. Dakika za kutoka ni chache sana. Ndiyo maana ufunguo ulioko kwa mlinzi ni sawa na ufunguo usiokuwepo.

Mnakumbuka Johannesburg? Alfajiri ya tarehe 31 Agosti 2023, jengo la Usindiso liliungua na watu 76 wakafa, wakiwemo watoto. Walioishi humo ni Waafrika Kusini, Wamalawi, na ndugu zetu Watanzania pia waliokwenda kutafuta maisha. Jengo lile halikujengwa kuwa makazi. Enzi za ubaguzi wa rangi lilikuwa ofisi ya kutolea vitambulisho vya pasi kwa Waafrika, baadaye likawa kimbilio la wanawake na watoto, kisha likaachwa. Watu wakaingia, wakagawa kumbi kwa mbao na vitu vingine vinavyoshika moto upesi. Zimamoto walipofika wakakuta geti limefungwa, na miili nyuma yake. Mashuhuda walisimulia wazazi waliorusha watoto madirishani wakiomba walioko chini wawadake.

Fikiria umefika mahali pa kufanya uamuzi huo.

Aliyekamatwa kwa kuuwasha moto ni mtu mmoja. Lakini tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe, katika ripoti yake ya 2024, iliubebesha lawama uongozi wa jiji. Jengo ni mali ya jiji, na hali yake mbaya ilijulikana miaka kadhaa kabla. Mimi hapo ndipo ninaposimama. Cheche inaweza kutoka popote: jiko, mshumaa, ekstensheni iliyozidiwa, hata mtu mwenye nia mbaya. Kinachoamua kama tutazika mtu ni jengo.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Jengo likibadilishwa kazi, ghala likawa vyumba, ofisi ikawa hosteli, nyumba ya familia ikawa shule ya awali, mtu asilale humo mpaka likaguliwe upya. Liwe na njia mbili za kutokea, kengele za moshi, na mitungi ya kuzimia moto ambayo watu wamefundishwa kuitumia. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina mamlaka ya kukagua kisheria. Wasisubiri kuja na gari la maji.

Najua mtanijibu: "Nesi, tukiwabana wenye nyumba kodi itapanda." Inawezekana, na sitawadanganya. Lakini kutoboa mlango wa nyuma kunafanyika mara moja. Plaiwudi ile ile angetumia tofali. Na gharama ya kutofanya hivyo haimwangukii yeye, inakuangukia wewe na mwanao.

"Na wezi je?" Hofu ya kweli hiyo. Grili liwepo, ila dirisha moja kila chumba lifunguke kwa ndani. Geti lifungwe, ila kila mpangaji awe na ufunguo wake.

Wewe leo fanya haya. Unapotafuta chumba, usimalizane na dalali hujaona mlango wa pili. Kama umeshahamia, ongeeni wapangaji wote, muende kwa mwenye nyumba pamoja. Mmoja akiuliza anaitwa msumbufu, 14 wakiuliza anakaa chini. Majiko yatoke njiani. Usiku ufunguo utundikwe karibu na mlango, kila mtu mzima aujue. Wafundishe watoto kutoka wameinama, maana hewa yenye nafuu iko chini. Namba ya Zimamoto hapa Tanzania ni 114, iandike ukutani. Ukishatoka, usirudi kuchukua simu.

Mdogo wangu bado yuko pale pale. Angefanyaje, hela imeshatoka. Ila wamekwenda wapangaji 11 kwa mwenye nyumba. Majiko yamehamia uani na kila chumba kina ufunguo wa geti. Mlango wa nyuma ameahidi, mpaka naandika hapa hajatoboa. Nikiwa zamu ya usiku na simu ikiita, moyo unanidunda kabla sijaona jina.

Usiku wa leo, kabla hujazima taa, tembea na wanao kutoka kitandani mpaka nje, macho yamefumbwa. Hesabu hatua. Ukikuta kufuli njiani, niandikie hapa ni la nani.