Mwili Nao Hukumbuka



Ndugu wapendwa, kila mlevi anaporudia chupa baada ya kuahidi kuacha, husikika hukumu ile ile: "Hana nia." Hukumu hiyo ni nyepesi mno.

Mwaka 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walieleza katika jarida la Nature mambo waliyoyaona kwa panya. Ini likiivunja pombe hutoa asetati, nayo husafiri katika damu hadi kwenye ubongo. Humo, kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho ACSS2, sehemu yake hubandikwa kwenye histoni, yaani protini ambazo uzi wa DNA umezungushiwa. Jeni zenyewe hazigeuki. Hugeuka utendaji wake, na zile za kujifunza na kukumbuka huamshwa. Panya walizoea kupendelea chumba walimopewa pombe. Waliopunguziwa kimeng'enya hicho katika sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, hawakuwa na upendeleo huo. Tena asetati ilifika hata katika ubongo wa watoto wa panya waliokuwa bado tumboni.

Panya si mtu, wala hana dhamiri. Hata hivyo, tunakumbushwa kwamba mwili nao hujifunza ulevi, ukahifadhi mahali na saa yake. Katekisimu hufundisha kuwa mazoea yaweza kupunguza uwajibikaji wa mtu kwa tendo lake. Hilo si ruhusa ya kulewa; ni onyo kwetu tunaohukumu.

Mtazameni Matt Talbot, kibarua wa Dublin. Alikunywa tangu utotoni, akaacha mwaka 1884 akiwa na umri wa miaka 28, akadumu hivyo hadi kufa kwake mwaka 1925. Hakutegemea nia peke yake: jioni za kilabuni alizigeuza kuwa jioni za kanisani. Neema haikuyadharau maumbile. Iliyapatia njia mpya.

Basi, tunamwambia ndugu yetu "acha pombe," kisha tunamwalika kwenye sherehe ya kipaimara yenye kreti za bia hadi mlangoni! Divai si dhambi. Bwana alikuwapo harusini Kana. Lakini upendo hujinyima. Jumuiya zetu ziandae sherehe zisizo na pombe, mama mjamzito asishawishiwe "kuonja kidogo," na anayejitahidi kuacha apate wa kumsindikiza saa ile ngumu ya jioni.