Ufunguo wa Bei ya Kutupa Una Mwenyewe

Kila mwenye gari Nairobi anaijua Kirinyaga Road, au Grogan kama wengi tunavyoendelea kuiita. Ukinyofolewa kioo cha pembeni kwenye foleni pale Globe, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kukimbia Grogan kabla kioo chako hakijapata mwenyewe mwingine. Si kila mwenye duka pale ni mwizi, wengi wanauza mali halali kabisa. Hata hivyo wote tunajua kuna vioo vilivyofika pale kwa mkono mwepesi, na tunajua mwizi anaendelea kuiba kwa sababu mnunuzi yupo. Anayenunua hujinunulia kimyakimya. Harudi nyumbani akijisifu.

Sasa ingia kwenye kikundi chochote cha WhatsApp cha wachezaji gemu wa mji huu, kuanzia wale wa ofisi za Westlands hadi wanafunzi wa Uthiru. "Wasee, hii gemu nimeipata nusu bei." Linki inatumwa. Pongezi zinamiminika, moto na makofi. Hakuna anayeuliza swali la Grogan: imetoka wapi?

Nataka kuuliza swali hilo. Mimi pia ni mchezaji, mshahara wangu unaingia kwa shilingi kama wako, na sina hisa kwenye kampuni yoyote ya gemu. Ninachosema ni kwamba hizi funguo za bei ya kutupa zinamwibia mtengenezaji mdogo, na mbaya zaidi, zinatufungia sisi wenyewe mlango wa kupata bei inayofaa mji wetu.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Ufunguo wa Steam ni herufi na tarakimu 15, tano tano mara tatu. Unaziandika kwenye akaunti yako na gemu inakuwa yako. Ukishatumika mara moja haufungui tena akaunti nyingine. Shika hapo, maana ndipo hoja ya mtumba inapoanguka.

Nimeisikia hoja hiyo mara nyingi: "Si Wakenya tunavaa mtumba? Mbona hii iwe dhambi?" Ndiyo, tunavaa, na sina tatizo nayo. Shati la Toi Market lilinunuliwa na mtu, likavaliwa, likachoka kidogo, likashuka bei. Ni hivyo hivyo na CD ya PlayStation unayobadilisha kwenye maduka ya Moi Avenue kwa kuongeza pesa kidogo juu: kuna mtu aliyeilipia kwanza, akaicheza, akaimaliza, akaiachilia. Ile ni biashara ya haki na ningependa idumu. Ufunguo hauwezi kuwa mtumba. Unaouziwa ni mpya, haujawahi kuguswa. Kwa hivyo jiulize kama mtu mzima: kitu kipya, siku ya kwanza sokoni, kimeshukaje hadi nusu bei bila aliyekitengeneza kukishusha?

Majibu yako kadhaa. Pengine ulitolewa kwenye furushi la gemu nyingi zilizouzwa pamoja kwa bei nafuu. Pengine ulinunuliwa nchi ambako bei imewekwa chini ili watu wa huko waimudu, ukavushwa mpaka. Pengine uliombwa bure na mtu aliyejifanya mwandishi wa uhakiki. Na pengine ulinunuliwa kwa kadi ya benki iliyoibwa.

Hilo la mwisho Mkenya hahitaji kuelezwa mara mbili, kwa sababu tuna toleo letu. Mteja anaingia dukani kwako, anabeba mzigo, analipa kwa M-Pesa, ujumbe unaingia. Akifika kona anaomba muamala urudishwe, anadai alikosea namba. Mzigo umeenda na pesa zimeenda. Kwenye funguo, mwizi ananunua rundo kwa mtengenezaji kwa kadi ya mtu mwingine, kisha anaziuza upesi sokoni kwa bei ya chini, kwani kwake kila senti ni faida. Mwenye kadi akigundua, benki inamrudishia pesa zake kwa kumkata mtengenezaji, na juu yake inamtoza mtengenezaji ada ya usumbufu. Tofauti na mwenye duka ni kwamba mtengenezaji amelipa faini kwa kuibiwa.

Nani anasema hivyo? Tuchukue kesi moja ambayo soko lenyewe lilikiri. Wube Software ni studio ya Prague iliyotengeneza Factorio. Mwaka 2019, watengenezaji wadogo walipoanza kupiga kelele, soko la G2A lilitoa ahadi: studio itakayothibitisha kwamba funguo zake za wizi ziliuzwa pale italipwa mara kumi ya hasara yake. Wube wakajitokeza. Mei 2020 G2A wakakubali kwamba funguo 198 za Factorio zilizopatikana kiharamu ziliuzwa kwao mwaka 2016, wakalipa dola 39,600. Miaka minne ilipita kati ya kuuzwa kwa funguo hizo na kukiri. Na hao ni wale waliokuwa na kumbukumbu zilizopangwa, muda wa kufuatilia na gemu iliyouza vizuri. Studio ya watu watatu inayohangaika kulipa kodi ya nyumba haina miaka minne ya kufuata haki.

Kabla yao, mwaka 2013, Unknown Worlds walilazimika kuzima funguo 1,341 za Natural Selection 2 zilizonunuliwa kwa kadi za wizi. Januari 2015, Ubisoft walizifuta funguo za Far Cry 4 kwenye akaunti za watu walionunua kwa wauzaji wa pembeni, kisha kelele zilipozidi wakawarudishia baadhi. Kwa hivyo hatari iko pia kwako wewe mnunuzi. Lakini sitaki kukutisha na hilo, kwa sababu najua utaniambia haijawahi kukukuta, na huenda ni kweli. Wengi haiwakuti. Kioo cha Grogan nacho hufanya kazi vizuri tu.

Niwe wazi nisije nikawaweka wote kapu moja. Kuna maduka kama Humble, Fanatical na Green Man Gaming, yanayopewa funguo na wenye gemu kwa makubaliano. Wakishusha bei, aliyetengeneza anajua na analipwa. Ugomvi wangu ni na masoko ambako anayeuza hahitaji makubaliano yoyote na aliyetengeneza, na mwenye soko anachukua asilimia yake kwa kila mauzo, halali au haramu. Wetu wa hapa nyumbani, wale wanaochukua funguo huko na kutuuzia Telegram na Instagram kwa kutuma pesa kwenye namba ya till, ni tawi tu la mti huo. "Lakini si zote ni za wizi!" Sawa, nakubali. Niambie basi wewe unajuaje upi ni upi. Hujui, na soko linafurahi usijue. G2A walifikia hata kuuza bima, waliyoiita Shield, ili ulipe zaidi ulindwe na bidhaa za soko lao wenyewe. Fikiria mama mboga wa Kawangware akutoze shilingi kumi za ziada ili akuhakikishie sukuma wiki yake haina sumu. Ungerudi kwake?

Tufike sasa kwenye hoja nzito, ile ya bei, maana hapo wenzangu wana haki ya kukasirika. Steam haina bei kwa shilingi ya Kenya. Mwafrika Kusini anaona randi. Sisi tunaona dola, ile ile anayolipa mtu wa California. Gemu mpya ya kampuni kubwa ni dola 69.99. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni zaidi ya shilingi 9,000. Kuna watu Kangemi wanaolipa kodi ya mwezi kwa pesa hizo na chenji inabaki. Mwanzoni mwa 2024 dola ilipofika shilingi 160, gemu hiyo hiyo ilikaribia 11,200, na hakuna aliyeongezwa mshahara.

Wenye PlayStation wana yao. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi zinazotambuliwa rasmi na mtandao wa Sony, kwa hivyo unafungua akaunti ukidanganya kwamba unaishi Marekani au Uingereza, halafu unatafuta kadi za zawadi za huko ili ulipie. Mwezi Mei 2024 Sony walipotaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya mtandao huo, gemu iliondolewa kuuzwa Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizotambuliwa. Walirudi nyuma kuhusu akaunti baada ya wachezaji duniani kuwaka. Lakini tulipata ujumbe: kwenye ramani yao sisi hatupo.

Kwa hivyo simlaumu mtu kwa kuona bei ni dharau. Bei ni dharau. Ninachokataa ni dawa iliyochaguliwa. Kwanza, haimgusi mwenye dharau. Kampuni ya mabilioni ina wanasheria, na kadi za wizi ni sehemu ya hesabu zake za mwaka. Anayeumia ni mdogo.

Pili, na hapa naomba msikilize vizuri. Tunachotaka ni bei ya Nairobi. Tunataka mtengenezaji akae chini aseme: gemu hii ni dola 20 Berlin, lakini Kenya iwe shilingi 900. Ni kitu gani kinamfanya asite? Ni hofu kwamba funguo za shilingi 900 zitanunuliwa kwa mamia, zipelekwe kwenye masoko haya haya, na Mjerumani anunue kwa bei yetu. Kila ufunguo uliovushwa kutoka nchi ya bei ya chini ni ushahidi dhidi yetu. Tunalia kwamba hatupewi bei ya haki, huku tukimlisha yule anayefanya bei hiyo iwe hasara kwa anayeitoa.

Nikipewa mfano mmoja tu wa kinachoweza kupotea, nitataja Tales of Kenzera: ZAU. Ilitoka Aprili 2024 kwa dola 19.99. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyeitengeneza kutokana na msiba wa baba yake. Inaweza kuchezwa ikizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Ni mara ngapi umeshika pedi ukasikia lugha ya mama yako ikitoka kwa shujaa na si kwa jambazi wa pembeni? Kabla mwaka haujaisha, studio yake, Surgent, ilikuwa imewapa ilani ya kupoteza kazi watu wote wa kitengo cha gemu. Sisemi masoko ya funguo ndiyo yaliyowafanya hivyo. Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa studio nyingi. Ninasema studio za aina hiyo hazina akiba ya kuibiwa, na ndizo pekee zinazothubutu kututengenezea kitu. Na wa hapa je? Tangu The Adventures of Nyangi ya Wesley Kirinya mwaka 2007 hadi Nairobi X ya Andrew Kaggia mwaka 2015, Wakenya wanajaribu. Atakayefuata akiuza Steam atakutana na barua pepe za "wahakiki" wanaoomba funguo za bure, na jioni atazikuta sokoni. Huyo atakuwa jirani yako Lavington au Kinoo, si kampuni ya mbali.

Mike Rose wa No More Robots, mchapishaji mdogo wa Uingereza, aliwahi kuwaambia watu mwaka 2019 kwamba badala ya kununua gemu zake kwa masoko haya ni heri waziibe moja kwa moja, kwa kuwa yeye halipwi vyovyote vile, na angalau dalali naye hatalipwa. Siwaambii mkaibe. Nawaonyesha tu mahali ambapo mtengenezaji amefika.

Tufanye nini basi? Kwanza kusubiri, jambo ambalo kizazi chetu hakilipendi. Steam hushusha bei kila msimu, na gemu ya dola 20 ikifika dola 5 kwa ridhaa ya mwenyewe, hiyo ni shilingi 645. M-Pesa ina kadi yake ya Visa ya mtandaoni tangu 2022, kwa hivyo kisingizio cha kutokuwa na kadi kimeisha. Epic hutoa gemu za bure kila wiki. CD bado zinabadilishwa Moi Avenue, na tuzitetee wakati huu koni zinapouzwa bila mahali pa kuziingiza. Marafiki wanne wanaweza kuchangia nakala moja na kukaa sebule moja, kama tulivyofanya utotoni.

Halafu hasira yetu tuielekeze panapostahili. Jumuiya ya wachezaji wa Helldivers ilimfanya Sony arudi nyuma kwa siku chache tu. Sisi tumewahi kuwaandikia Valve wangapi kudai shilingi? Tumewahi kumwandikia mtengenezaji mmoja mmoja tukimwambia: weka bei ya Kenya, tutanunua kwako na si kwa dalali? Barua hiyo ina uzito ikiwa tunaweza kuithibitisha. Kwa sasa, mtengenezaji akitazama Nairobi anaona watu wanaotaka gemu yake sana na wanamlipa mtu mwingine.