Kituo kimoja cha LIGO kikifungwa, nani atatofautisha nyota na kunguru?

Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ambayo ingefunga kimoja kati ya vituo viwili vya LIGO, ile mitambo ya leza inayosikiliza mawimbi ya mvutano kutoka anga za mbali. Fedha za uendeshaji zingeshuka kutoka takriban dola milioni 48 hadi milioni 29. Pendekezo si sheria, na Congress ndiyo yenye kauli ya mwisho. Lakini hoja iliyomo, kwamba vituo viwili vya kazi moja ni israfu, inaweza kurudi mwaka wowote, na sisi tunaolipa kodi hapa Marekani tuna haki ya kuipinga.

Kituo kimoja kipo Hanford, jimbo la Washington, kingine Livingston, Louisiana, umbali wa kilomita 3,000 hivi. Kila kimoja kina mabomba mawili ya kilomita nne. Mwale wa leza hugawanywa, ukaenda kugonga vioo na kurudi, ndipo miale hiyo miwili ikalinganishwa. Tofauti inayotafutwa ni ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya upana wa protoni. Mtambo wenye masikio makali kiasi hicho husikia kila kitu: treni, upepo, hata mawimbi ya bahari. Kinachowatesa zaidi mafundi ni mushkeli wa ghafla unaokuja kwa sehemu ya sekunde na kutoweka. Aliyewahi kupeleka gari gereji, mlio ukanyamaza mara tu fundi alipofungua boneti, anaijua adha hiyo.

Mwaka 2017 huko Hanford mushkeli mmoja ulifuatiliwa hadi kwa kunguru, waliokuwa wakidonoa barafu iliyoganda kwenye bomba la naitrojeni. Wataalamu hawakuridhika na kumwona ndege tu. Waliona alama za midomo kwenye barafu, wakaigiza ule udonoaji na kulinganisha kelele, kisha wakalirekebisha bomba ili barafu isigande. Sisi tuliotoka katika vyumba vya habari ambako kuomba daftari la serikali kulitosha kukufungisha mizigo, tunafurahi kusema kwamba daftari la kila siku la LIGO lipo wazi kwenye intaneti, makosa yao yote yakiwemo.

Kunguru wa Hanford hasikiki Livingston. Hapo ndipo ilipo thamani ya kituo cha pili. Tarehe 14 Septemba 2015 ishara ya kwanza ilifika Livingston, na Hanford milisekunde saba baadaye. Hata hivyo waliendelea kuishuku. Waligundua kwamba karibu wakati uleule radi kubwa sana ilipiga Burkina Faso, na radi huweza kugusa vituo vyote viwili. Vipima sumaku vilionyesha kwamba athari yake ilikuwa ndogo mno kuweza kutoa ishara ile.

Tena tarehe 17 Agosti 2017, nyota mbili za nyutroni zilipogongana, kompyuta iliiona ishara Hanford peke yake. Data ya Livingston ilikuwa imetiwa doa na kelele, sekunde moja hivi kabla ya mgongano. Watu walipoiangalia kwa macho waliiona ishara imo humo humo, wakaiondoa ile kelele. Kwa data ya vituo hivyo viwili pamoja na Virgo ya Italia, eneo la kutafuta likapungua, na darubini zikaupata mwanga katika galaksi ya NGC 4993 kabla ya saa 11 kupita.

Watetezi wa panga watasema Virgo ipo, na KAGRA ya Japani ipo. Ni kweli, lakini masikio yao ni mazito kuliko ya LIGO, na shahidi asiyesikia vizuri hazibi pengo. Sisi waandishi tulifundishwa kutochapisha tuhuma ya mtu mmoja. Je, mgongano wa nyota utangazwe kwa ushahidi wa mtambo mmoja, ambao kunguru anaweza kuuhadaa?

Wenzetu wenye uraia wana wawakilishi Washington. Bajeti ya kila mwaka hupita mikononi mwao, na barua za wapiga kura husomwa kabla ya kura, si baada yake.