Macho ya Mwanasayansi Hayana Pazia

Wapo wasomi wanaodai kwamba kazi ya mwanasayansi ni kupima, kuhesabu na kuandika tu. Dhuluma anayoikuta njiani haimhusu, kwani hiyo ni siasa. Madai hayo ni kasumba, na historia ya msafara mmoja mashuhuri inatosha kuyabomoa.

Juni 1799, Alexander von Humboldt, mtaalamu wa Prussia, aliondoka Hispania kwa meli pamoja na Mfaransa Aimé Bonpland, bingwa wa elimu ya mimea. Walichukua vyombo vya kupimia joto, hewa na nyota, pamoja na hati ya Mfalme Carlos wa Nne iliyowafungulia milango ya makoloni yake ya Amerika. Julai wakatua Cumaná, katika nchi ambayo leo ni Venezuela.

Nyumba waliyopanga ilifaa sana kwa kutazamia nyota. Lakini ilielekea uwanja wa soko la watumwa. Vijana wa Kiafrika walipewa mafuta ya nazi wajipake, ngozi zing'ae. Wanunuzi wakawafumbua vinywa kukagua meno, kama mtu anunuapo farasi.

Humboldt angeweza kufunga dirisha na kuielekeza darubini mbinguni. Hakufanya hivyo. Mwaka 1826 alichapisha mjini Paris kitabu juu ya Cuba, kisiwa alichokuwa amekitembelea mara mbili. Humo, pamoja na hesabu ya sukari, aliweka hesabu ya watu waliotokwa jasho kuizalisha, akaulaani utumwa bila kumumunya maneno.

Watetezi wa utumwa walitambua mara moja uzito wa jambo hilo. Mwaka 1856 John Thrasher alitoa mjini New York tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho, akainyofoa sura ya utumwa. Sukari ikabaki, mkata miwa akafutwa. Humboldt, mzee wa miaka 86, alipinga hadharani, akieleza kwamba sehemu hiyo aliithamini kuliko vipimo vyake vya nyota na takwimu zake. Mwaka 1857 Prussia ikapitisha sheria aliyoipigania: mtumwa akanyagaye ardhi yake ni huru.

Humboldt hakuwa malaika. Mwaka 1800, katika pango la Ataruipe karibu na mto Orinoco, alichukua mifupa ya wafu wa wenyeji, huku waliomwongoza wakichukizwa. Wala kitabu peke yake hakivunji minyororo. Utumwa wa Cuba ulikomeshwa mwaka 1886, na kabla ya hapo watumwa wengi walikuwa wamekwisha kushika silaha katika vita vya ukombozi vilivyoanza mwaka 1868.

Hata hivyo fundisho liko wazi. Kunyamaza mbele ya dhuluma nako ni siasa: ni siasa ya mwenye soko. Ofisa anayeandika tani za mavuno bila kuuliza mkulima amebaki na nini, na mwalimu anayejaza daftari la mahudhurio bila kuuliza kwa nini mtoto analala darasani, wote wawili wameinyofoa sura ileile aliyoinyofoa Thrasher. Hesabu inayomwacha mtu nje si hesabu kamili, hata kama tarakimu zake zote ni sahihi.