Saa 48 za Mkuu wa Wilaya

Mwaka 1945 Mtemi Kidaha Makwaia wa Busiya, Shinyanga, na Mangi Abdiel Shangali wa Machame waliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika wakiwa Waafrika wa kwanza. Kidaha, msomi wa Makerere aliyefika hadi Oxford, akawa na kofia tatu. Dar es Salaam anashiriki kutunga sheria, nyumbani anazisimamia na kukusanya kodi, na kwenye baraza lake anamhukumu aliyezivunja.

Kidaha mwenyewe sina neno naye. Katikati ya miaka ya 1950 aliuacha utemi. Neno langu ni juu ya kile kiti. Sheria ya mahakama za wenyeji ya 1929 iliziondoa rufaa Mahakama Kuu, zikawa zinatoka kwenye mabaraza hayo kwenda kwa bwana DC (mkuu wa wilaya), kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa gavana. Mfugaji aliyetozwa faini kwa kukataa kupunguza ng'ombe alimlalamikia bwana yuleyule aliyeisukuma amri. Geita ilipowaka 1958, watu wakavuka hadi Mwanza kupinga baraza la mchanganyiko wa rangi, hasira za namna hiyo zilikuwa zimelimbikizwa miaka mingi.

Mwaka 1963 utemi ukafutwa na kesi zikapelekwa kwa mahakimu. Vema. Ila Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, vifungu vya 7 na 15, inamruhusu mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kutoka Jumapili jioni bila kumwona hakimu, na saa hazijapita.

Watetezi hutaja rashi. Dhahabu ikionekana shambani kwa mtu huko Geita, haipiti wiki mamia wameshafika; mwenye shamba, mwenye leseni na wenye maduara, yaani mashimo ya kuchimbia, wanavutana juu ya viroba vya mawe, na hakimu yuko mbali. Hoja ina uzito. Lakini polisi tayari wanaweza kumkamata anayetaka kuvunja amani. DC analeta uamuzi wa mtu aliye ndani ya mgogoro: yeye ndiye aliyeamuru duara lifungwe, na anayembishia mkutanoni ndiye anayelala mahabusu.

Hata Wamarekani, walipompa gavana na majaji kazi ya kuweka sheria pamoja katika pori la kaskazini-magharibi mwa mto Ohio mwaka 1787, waliweka kikomo: wanaume huru watu wazima wakifika 5,000, wachague baraza lao. Geita ni mkoa tangu 2012. Si pori tena.

Vifungu hivyo vifutwe. DC atabaki mwenyekiti wa kamati ya usalama, na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ni mjumbe wake. Akiona hatari ampigie simu, na atakayekamata awe askari mwenye kitabu cha mahabusu, anayeweza kuulizwa habari za dhamana usiku uleule.