Gari la kujitengenezea: Mkulima wa Pemba apime mzigo kabla ya injini

Msimu wa karafuu unapokaribia kisiwani Pemba, mkulima huwa na mengi ya kupanga: wachumaji, majamvi ya kuanikia, magunia na fedha za kuanzia kazi. Jambo moja husahaulika mpaka siku ya kwanza ya kuchuma, nalo ni namna mzigo utakavyotoka bondeni kufika barabarani.

Ni kweli kwamba barabara za kisiwa hicho zimeboreshwa. Mkataba wa Changamoto za Milenia (MCC), ambao Tanzania ilisaini na Marekani mwaka 2008, ulijenga kwa lami barabara tano za vijijini Pemba. Lakini lami huishia kijijini, na mikarafuu haiko yote kijijini. Mingi iko ng'ambo ya bonde la mpunga, juu ya kilima chenye udongo mwekundu ambao mvua moja ya vuli inatosha kuugeuza utelezi. Kipande hicho cha njia, pengine kilomita moja au mbili tu, ndicho kinachomgharimu mkulima zaidi, kwa sababu mzigo hupita kichwani kwa watu, tena kwa malipo ya kila safari.

Kwa sababu hiyo, wazo la mtu kujitengenezea gari la kupita mashambani linavutia. Gari bovu hununuliwa kwa bei ndogo, bodi hutolewa, matairi makubwa hufungwa, na jukwaa la mbao huwekwa juu ya chasisi. Mwenye kufanya hivyo hupata chombo kwa sehemu ndogo tu ya bei ya pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne.

Kwamba gari hilo linatengenezeka halina ubishi. Linalohitaji hesabu ni kama litajilipa, hasa kwa mkulima ambaye, ili kupata mtaji huo, anafikiria kukodisha mikarafuu yake kwa misimu miwili au mitatu ijayo. Akikosea hapo, atabaki na chuma uani huku karafuu zikichumwa na mwingine.

Ufundi upo tangu zamani

Zanzibar si mgeni wa kazi hii. Kwa miaka mingi mafundi wake wamekuwa wakichukua malori na pikapu kutoka nje na kuzijengea bodi za mbao, zikabeba abiria na mizigo ya shamba. Gari la ng'ombe nalo ni chombo cha kujitengenezea: ekseli na magurudumu kutoka gari lililokufa, matairi ya mtumba, mbao za seremala wa mtaani na ng'ombe wa nundu mbele yake. Watu hulidharau kwa kuwa halina injini, lakini ndilo gari la kwanza la kupita mashambani ambalo mkulima wa Pemba alilimudu.

Bara nako, kituo cha jeshi cha Nyumbu, Kibaha, kilionyesha katika miaka ya 1980 kuwa lori linaweza kutengenezwa Tanzania. Kenya, kampuni ya Mobius, iliyoanzishwa na Mwingereza Joel Jackson, ilijaribu kutengeneza kiwandani gari rahisi kwa ajili ya barabara mbovu za vijijini, lenye fremu ya mabomba ya chuma. Toleo lake la kwanza halikuwa hata na vioo vya madirisha, ili bei ishuke. Hata hivyo, Agosti 2024 kampuni hiyo ilitangaza kufunga shughuli zake kwa kulemewa na madeni, ingawa baadaye alijitokeza mnunuzi.

Fundisho lililopo kwa mkulima ni kwamba ni vigumu gari jipya la kubuni kushinda kwa bei mahali ambapo magari yaliyotumika kutoka Japani yanaingia kila mwezi. Anayejitengenezea hana budi kutumia vipande vya magari hayo hayo, ambayo spea zake zinapatikana madukani Chake Chake. Gari la injini adimu, hata likipatikana bure, litasimama siku beringi moja itakapokatika katikati ya msimu.

Mlima ndio kipimo

Kabla ya bei, kuna jambo la maumbile ya Pemba. Upande wa magharibi na katikati ya kisiwa ni vilima na mabonde yanayofuatana, tofauti na sehemu kubwa ya Unguja. Chombo kinachobeba vizuri kwenye tambarare kinaweza kushindwa kabisa hapa.

Chukulia ng'ombe mwenye uzito wa kilo 300. Mnyama wa namna hiyo anaweza kuvuta kwa saa kadhaa nguvu inayolingana na asilimia 10 ya uzito wake, yaani kama kilo 30. Kwenye njia kavu ya udongo iliyo tambarare, gari lenye matairi ya upepo huhitaji kuvutwa kwa nguvu ya karibu asilimia 5 ya uzito wake wote. Hivyo ng'ombe huyo anamudu kilo 600, gari likiwemo. Kama gari tupu lina kilo 200, mzigo ni kilo 400.

Njia ikianza kupanda mita 10 katika kila mita 100, nguvu inayohitajika hufika asilimia 15. Kilo 30 zile sasa zinatosha kuvuta kilo 200, yaani gari tupu. Ng'ombe anaweza kujikaza mara mbili au zaidi kwa dakika chache, ndiyo maana hupanda mlima mfupi na mzigo, lakini hawezi kufanya hivyo kutwa nzima. Tope likiongezeka, hesabu huwa mbaya zaidi.

Maana yake kwa fundi ni kwamba kila kilo inayopunguzwa kwenye gari ni kilo inayoongezwa kwenye mzigo. Ekseli ya nyuma ya pikapu iliyobaki na difu yake ni mzigo usiobeba kitu. Bomba imara la chuma lililofungwa vitovu vya magurudumu ya mbele hufanya kazi ile ile kwa wepesi zaidi.

Kwa mkulima, mlima unamkumbusha pia asibebe maji. Karafuu mbichi kilo tatu hutoa takriban kilo moja ya kavu. Penye uwanja salama wa kuanikia karibu na shamba, na mtu wa kulinda, mzigo wa kupandisha mlima hupungua kwa theluthi mbili. Pasipo na ulinzi, au mvua ikiwa inatishia, hakuna njia ila kuzitoa mapema, kwa kuwa karafuu mbichi zikilundikwa hupata joto, hubadilika rangi na kushuka daraja.

Hesabu ya siku za kazi

Sasa tuje kwenye fedha. Takwimu zifuatazo ni za mfano, na kila mkulima aweke bei za kwao.

Chukulia gari la ng'ombe linagharimu shilingi 900,000 kulitengeneza, na mkulima ng'ombe anaye. Likidumu miaka sita, kila mwaka hubeba gharama ya shilingi 150,000. Matengenezo na dawa za ng'ombe yawe shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 250,000 kwa mwaka. Likifanya kazi siku 50, kila siku inabeba shilingi 5,000. Ongeza shilingi 10,000 za mwendeshaji, zinakuwa 15,000. Kama kwa siku linatoa kilo 300 mara nne, ni kilo 1,200, na kila kilo imegharimu shilingi 12 na senti 50.

Upande wa pili, chukulia gari la injini la kujitengenezea limegharimu shilingi milioni 6 hadi kuwaka na litadumu miaka mitano. Hiyo ni shilingi milioni 1.2 kwa mwaka. Spea na matairi yawe 600,000. Usajili, ukaguzi na bima 300,000. Jumla ni shilingi milioni 2.1 kwa mwaka kabla halijawashwa. Mafuta na dereva, weka shilingi 40,000 kwa siku. Gari hilo libebe kilo 800 mara sita, yaani kilo 4,800 kwa siku.

Kwa siku 50 za msimu, kila kilo inagharimu shilingi 17 na ushei, ghali kuliko ng'ombe. Kwa siku 200, inashuka hadi shilingi 10 na nusu. Mahali pa kulingana na lile la ng'ombe la siku 50 ni siku 105 za kazi, gari likiwa limejaa kila safari.

Hapo ndipo panapofichwa jambo kubwa. Siku 105 kwa kilo 4,800 ni tani 504 kwa mwaka. Hakuna nyumba yenye mikarafuu, migomba na mihogo ya kawaida inayotoa tani hizo. Gari la ng'ombe lilihitaji tani 60 tu kufikia gharama yake ile. Kwa hiyo mwenye gari la injini hatakuwa tena mkulima mwenye gari. Atakuwa mfanyabiashara wa usafirishaji, na shamba lake litakuwa mteja mmoja tu kati ya wengi.

Si vibaya kuwa mfanyabiashara. Mizigo ipo: mchanga, mawe na matofali ya wajenzi, kuni, mbolea, mpunga kutoka mabondeni, na makonyo yanayokwenda kukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi. Lakini mizigo hiyo ihesabiwe shehia kwa shehia kabla gari halijaanza kutengenezwa, na ihesabiwe pia bei ya mafuta. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, mwenye chombo kidogo alijikuta akiongeza nauli au akila mtaji wake. Bei hutangazwa kila mwezi na ZURA. Mwenye gari hana sauti juu yake, ilhali majani ya ng'ombe hayafuati soko la dunia.

Fedha iende wapi

Akishaamua, mwenye fedha kidogo ajue mahali pa kubana na mahali pa kutobana. Rangi, kiti cha starehe na bodi ya bati vinaweza kusubiri. Beringi, matairi na breki havisubiri.

Hata gari la ng'ombe linahitaji breki. Kwenye mteremko mzigo humsukuma mnyama kutoka nyuma, na hapo ndipo miguu huvunjika. Gogo la mti mgumu linalobanwa na wenzo kwenye tairi ni kazi ya nusu siku kwa seremala. Mzigo nao upangwe juu ya ekseli, ukilemea mbele kidogo tu, ili shingo ya ng'ombe isibebe kinachopaswa kubebwa na magurudumu.

Kwa gari la injini, gia nzito ina faida kuliko injini kubwa. Mashambani chombo kinatakiwa kwenda polepole na kuvuta. Chasisi isikatwe na kuungwa upya bila fundi anayejua kuimarisha maungio, na sehemu za usukani zisichomelewe kabisa, zikichakaa zibadilishwe. Aliyekwisha kuwa na pawatila ya kulimia mpunga afikirie kwanza kuitengenezea tela, kwani injini tayari anayo na amekwisha kuilipia.

Sheria isiachwe nyuma

Baadhi ya mafundi hudhani chombo cha shamba hakiihusu serikali. Kikiingia barabarani, kinaihusu. Zanzibar ina Sheria yake ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya mwaka 2003, na gari la injini haliwezi kutembea humo bila kusajiliwa na kukaguliwa. Gari lililobadilishwa chasisi au injini linaweza kukwama hapo baada ya fedha zote kutumika. Anayetaka kulitengeneza aende kuuliza kabla ya chuma cha kwanza kukatwa, akiwa na karatasi za gari lile la zamani mkononi.

India wamepitia njia hiyo. Vijijini kaskazini mwa nchi hiyo, mafundi hufunga injini za dizeli za pampu za maji kwenye fremu za chuma na mbao, na gari la namna hiyo huitwa jugaad. Liliwasaidia wakulima wengi, lakini pia lilibeba watu bila breki za kuaminika. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya India iliamua kuwa jugaad ni gari kama magari mengine, na lazima litimize sheria ya magari. Wengi waliokuwa wameweka mtaji humo walijikuta na chombo kisichoruhusiwa njiani.

Wenye mamlaka Zanzibar nao wana la kufanya. Kipimo kilicho wazi kwa vyombo vya mizigo vya mwendo mdogo, kinachosema breki gani, taa gani na mzigo kiasi gani, kingemlinda mtembea kwa miguu na kumwondolea fundi kubahatisha. Bila hicho, mwenye fedha ndogo ataendelea kujificha kwenye njia za panya.

Kwa mkulima mmoja mmoja, hesabu inaelekea upande wa gari la ng'ombe lililotengenezwa vizuri, jepesi na lenye breki. Gari la injini linafaa kikundi: wakulima 15 au 20 wa shehia moja, wenye ushirika au chama cha kuweka na kukopa, watakaochanga mtaji, waandike zamu za msimu na wamwajiri dereva mmoja anayewajibika. Nje ya msimu gari libebe mizigo ya watu kwa nauli iliyoandikwa, na sehemu ya nauli iwekwe kwa ajili ya spea.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na gari hupotea haraka kuliko mali nyingine, kwa sababu linaendelea kula hata likiwa limesimama. Aliye tayari kukodisha mikarafuu yake kwa ajili ya injini akae kwanza na karatasi, aandike siku na tani zake za mwaka mmoja. Zisipofika, akatafute ekseli na seremala, na mikarafuu yake ibaki mikononi mwake.